Nani atachora saketi za mafundi wetu?

Kama kwenu kuna redio ya zamani, ile ya kuvuta antena, hebu jaribu kitu leo jioni. Tafuta stesheni ya mbali inayokwaruza, kisha sogeza mkono karibu na antena bila kuigusa. Sauti itabadilika. Ukisimama mahali fulani inatoka safi, ukirudi kuketi inaanza kukoroma tena. Sisi tuliolelewa nyumba za reli hapa Muthurwa tulikuwa na kazi hiyo utotoni. Mechi ya Gor na Ingwe ikianza, mtoto mmoja alisimamishwa kando ya redio kama mlingoti, na ole wake akijikuna.

Hakuna aliyetuambia kwamba mtu fulani alishawahi kugeuza usumbufu huo kuwa ala ya muziki, akaipiga mbele ya viongozi na matajiri, akatoweka, akadhaniwa amekufa, kisha akaonekana tena akiwa na miaka 95. Habari hiyo tuliipata kwenye filamu, tena filamu kongwe kuliko wengi wenu mnaosoma hapa. Inaitwa Theremin: An Electronic Odyssey, iliyotengenezwa na Steven M. Martin mwaka wa 1993. Kama una bando la kutosha itafute. Haifiki hata saa moja na nusu.

Jina la mvumbuzi ni Lev Termen, ingawa Wamarekani walimwita Leon Theremin na ala yenyewe ikabaki na jina hilo, theremini. Alizaliwa St Petersburg mwaka wa 1896, akasomea fizikia na pia kupiga cello. Kufikia mwaka wa 1920 alikuwa mtafiti kijana, akiunda kifaa cha kupima tabia za gesi. Kifaa kilikuwa kikipiga mluzi masikioni. Akagundua kwamba mluzi unapanda na kushuka kila anaposogeza mkono. Fundi mwingine angekasirika na kutafuta namna ya kuuzima. Huyu, kwa kuwa alikuwa mwanamuziki, akaanza kuucheza.

Siri yenyewe si ngumu. Ndani ya sanduku kuna saketi mbili, na kila moja inatetemesha umeme mara nyingi mno kwa sekunde, juu kabisa ya kile sikio la binadamu linaweza kusikia. Moja haibadiliki. Ya pili imeunganishwa na antena, na mwili wako ukikaribia unafanya kazi kama upande mmoja wa kapasita, kwa hivyo mtetemo unapungua kidogo. Tuseme ya kwanza inatetema mara 170,000 na ya pili, kwa sababu ya mkono wako, inashuka hadi 169,560. Ukizichanganya, spika inatoa tofauti yao: 440. Hiyo ni sauti ya La, ile ambayo wanamuziki huitumia kupatanisha ala zao. Mkono wa kulia unacheza na antena iliyosimama kupandisha na kushusha sauti, wa kushoto unacheza na ile ya duara kuikuza na kuipunguza. Hakuna waya wa kubonyeza, hakuna kibao, hakuna chochote cha kushika. Unapiga hewa tu.

Mwaka wa 1922 Termen aliipeleka Kremlin kumwonyesha Lenin, na Lenin mwenyewe akaijaribu. Mwaka wa 1927 akazunguka Ulaya nayo, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa New York. Hati miliki ya Marekani aliipata mwaka wa 1928. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA ikaanza kuiuza: dola 175 kwa ala peke yake, kabla hujanunua taa zake na spika. Ziliundwa kama 500 hivi. Soko la hisa likaporomoka mwaka huohuo, lakini tusilaumu uchumi pekee. Matangazo yaliahidi kwamba yeyote anayeweza kuimba kwa mluzi anaweza kupiga theremini, na huo ulikuwa uongo mtupu. Ni mojawapo ya ala ngumu zaidi duniani. Ukipumua vibaya, wimbo umeharibika.

Aliyeiweza kwelikweli ni Clara Rockmore, mpiga fidla aliyelazimika kuacha fidla kwa sababu ya matatizo ya mkono. Ukitazama filamu hii kwa sababu moja tu, iwe vidole vyake. Wengine wanapiga theremini kama mtu anayefukuza nzi. Yeye alitengeneza mbinu ya kukunja na kukunjua vidole hewani hadi kila noti ikawa na mahali pake, na alimsumbua Termen hadi akamuundia mashine yenye uwezo zaidi. Mara nyingi tunasema mvumbuzi ni mmoja. Hapa walikuwa wawili, na mmoja wao hakuwahi kushika chuma cha kulehemu.

Mwaka wa 1938 Termen alimuoa Lavinia Williams, densa Mwamerika mweusi. Marafiki kadhaa matajiri waliokuwa wakimkaribisha nyumbani kwao wakaanza kumfungia milango. Mwaka huohuo akatoweka New York. Filamu inatuambia kwamba alitekwa na majasusi wa Kisovieti, na inalisimulia kwa mbwembwe zote. Hapo tunaomba uwe macho. Albert Glinsky, aliyeandika kitabu kizima kuhusu maisha ya Termen mwaka wa 2000, anaonyesha mtu aliyekuwa amezama kwenye madeni na kodi, ambaye huenda alijiondokea mwenyewe kwa meli. Kutekwa ni hadithi tamu zaidi. Lakini sisi wa huku tunajua vizuri mtu anayehama usiku kwa sababu ya deni. Si lazima jasusi ahusike.

Nyumbani hakupokewa kwa maua. Mwaka wa 1939 alikamatwa na kupelekwa Kolyma, kwenye kambi za kazi ngumu, kisha akahamishiwa gereza la wanasayansi ambako wafungwa waliundia serikali mitambo. Huko ndiko alikobuni kitu kilichowaaibisha Wamarekani. Mwaka wa 1945 watoto wa shule wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani zawadi ya nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao. Aliitundika ukutani. Ndani yake kulikuwa na kinasa sauti kisicho na betri wala waya, kilichopata nguvu pale tu kiliporushiwa mawimbi ya redio kutoka nje. Kilikaa hapo hadi mwaka wa 1952. Kadi unayogusisha mlangoni ili ofisi ifunguke inategemea wazo la aina hiyohiyo.

Baadaye alipata kazi katika chuo cha muziki cha Moscow, akarudi kuunda ala. Mwaka wa 1967 mwandishi wa gazeti la New York Times alimkuta huko na kuandika habari zake. Wakubwa wa chuo waliposikia, wakamfukuza na ala zake zikaharibiwa. Mnamo 1991 Martin akamrudisha New York, mzee wa miaka 95 akitembea polepole kwenye barabara alizoziacha miaka 53 nyuma. Anakutana na Clara. Alifariki Novemba 1993, akiwa na miaka 97.

Lavinia hakungoja kamera. Alihamia Haiti, akafundisha densa huko kwa miaka mingi, na akafariki mwaka wa 1989. Miaka miwili tu. Malalamiko yetu makubwa kuhusu filamu hii ni kwamba inampitia haraka, kana kwamba ni kituo kidogo kwenye safari ya mwanamume.

Sasa, kwa nini tahariri ya vijana wa Nairobi inahangaika na Mrusi aliyefariki kabla hujazaliwa? Kwa sababu ya sehemu moja kwenye filamu ambayo ni rahisi kuipita. Robert Moog, yule wa sinthesaiza za Moog, anaeleza alivyoanza. Alikuwa mvulana wa miaka kama 14, akaona mchoro wa theremini kwenye jarida la mambo ya elektroniki, akaujenga. Baadaye akauza vifaa vya kujiundia theremini, na hiyo ndiyo kazi iliyomfikisha kwenye sinthesaiza mwaka wa 1964. Kutoka hapo hesabu mwenyewe: besi za funk, disko, ile filimbi nyembamba ya hip-hop ya Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 90, hadi programu ya kutengeneza biti iliyo kwenye laptopu ya beste wako.

Angalia tarehe. Moog alipokuwa na miaka 14, Termen alikuwa amefichwa nyuma ya kuta za Moscow na watu wa New York walidhani ni marehemu. Hangeweza kumfundisha mtu yeyote. Aliyemfundisha Moog ni mchoro.

Ndipo tunaporudi nyumbani.

Kinshasa aliishi mzee Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa bendi ya Konono N°1. Tangu miaka ya 60 alipiga likembe, ile ala ya vibapa vya chuma inayochezwa kwa vidole gumba. Jiji likawa na kelele nyingi, likembe haisikiki. Akachukua sumaku za vipuri vya magari mabovu, akazungushia waya, akajiundia maikrofoni zake, akapitisha kila kitu kwenye vipaza sauti vikuukuu. Zikaanza kukwaruza na kunguruma. Badala ya kuuficha mkwaruzo huo, bendi iliufanya sehemu ya wimbo, kama Termen na mluzi wake. Katikati ya miaka ya 2000 albamu yao Congotronics iliwafikisha Ulaya na Marekani, na mwaka wa 2011 wakawa miongoni mwa walioshinda Grammy kwa wimbo walioshirikishwa na Herbie Hancock. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015. Dar es Salaam nako, vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, wakavichomeka kwenye ampu za kujiundia na kuitikisa mitaa ya uswahilini usiku kucha.

Na Muthurwa? Huu ni mtaa uliojengwa na shirika la reli enzi za mkoloni kuwaweka wafanyakazi wake Waafrika. Mafundi hawakuletwa na mtu baadaye. Ndio sababu ya nyumba kujengwa. Mpaka leo ukitoka Machakos Country Bus ukaingia sokoni, ukapita mitumba na dawa za miti shamba, utawakuta wameinama kwenye vibanda, moshi wa risasi ya kulehemu ukiwaingia machoni. Redio za gari zinageuzwa za nyumbani. Transfoma ya mashine iliyokufa inafufua ampu ya kanisa. Mtu anakuja na wufa iliyoungua, anaondoka nayo ikipiga kuliko ilivyotoka dukani.

Kuna fundi mmoja hapa, hatumtaji jina kwa sababu utaelewa punde, anayetengeneza vile vipaza sauti vya wachuuzi. Unavijua. Mchuuzi anajirekodi mara moja, "mia mia mia, chagua mia," na mashine inarudia kutwa nzima mpaka unaota bei. Zikija kutoka dukani, betri zake zinaisha saa sita mchana. Yeye anatoa seli nzima kutoka kwa betri za laptopu zilizotupwa, anazipanga upya, na kifaa kinafika jioni. Kisha kuna kisahani kidogo anachoongeza kati ya kinasa na spika, na sauti ikitoka haipasui masikio, inapenya. Anajua kipaza sauti cha ndani ya soko lililoezekwa mabati na cha kando ya Landhies Road haviwezi kufungwa sawa. Hayo hakuyasoma popote. Simama katikati ya soko saa kumi jioni, vipaza sauti ishirini vikirudia mistari tofauti, vingine vimepitana kidogo, vingine vinapatana kwa sekunde moja kisha vinaachana, na utakubali kwamba kuna watu ng'ambo wanalipa kiingilio kusikiliza kitu kama hicho.

Tulimwomba atuchoree hicho kisahani. Akacheka.

"Nikikuchorea," akasema, "wiki ijayo yule kijana wa pale mbele atakuwa anakifunga kwa nusu bei. Wewe utakuwa umepata habari ya gazeti. Mimi nitakuwa nimepata nini?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutajifanya tulikuwa nalo. Ni rahisi sana kwetu sisi wenye simu na elimu kuhubiri kwamba maarifa ni ya wote. Maarifa ya fundi ndiyo kodi yake ya nyumba. Vijana wengi huingia kwenye vibanda hivi na kamera, wanachukua video ya mzee akilehemu, wanaweka wimbo wa mahadhi chini yake, wanapata laiki, na mzee hajui hata video iko wapi. Kama ndivyo unavyotaka kufanya, tafadhali kaa nyumbani.

Lakini upande wa pili pia una ukweli wake. Mafundi hawa wengi ni wazee. Wanaojifunza kwao ni wachache, na wanaojifunza hujifunza kwa kutazama, hawaandiki. Mtaa wenyewe hauna uhakika: mwaka wa 2010 wapangaji wa Muthurwa walipewa notisi ya kuhama wakalazimika kukimbilia Mahakama Kuu, na tangu hapo kila tetesi ya ujenzi mpya inawafanya watu waanze kufunga vitu. Fundi akihama, kibanda kinaondoka naye, na wateja wanatawanyika. Akifariki, mke au watoto wanauza vipuri kwa kilo. Kisahani kile kitatupwa na mtu asiyejua ni nini.

Tulimweleza fundi kuhusu taasisi ya serikali ya kulinda uvumbuzi, KIPI, iliyo chini ya sheria ya mwaka wa 2001. Uvumbuzi mkubwa unapata hataza ya miaka 20. Ule mdogo, wa kuboresha kitu kilichopo, unaweza kupata ulinzi wa miaka 10. Sharti moja ni kwamba unachokileta kiwe kipya, na lingine ni kwamba ukieleze na kukichora, kisha maelezo hayo yawe wazi kwa umma. Ndiyo bei ya ulinzi. Hati miliki ya Termen ya mwaka wa 1928 bado inasomeka leo, na michoro yote imo. Haikumwokoa na madeni, hilo tulimwambia pia, hatukutaka kumuuzia ndoto. Ila imehakikisha kwamba hakuna anayeweza kusema kitu kile kilibuniwa na mtu mwingine.

Akauliza kama mtu wa KIPI anaweza kuja sokoni badala ya yeye kufunga kibanda siku nzima kwenda kupanga foleni. Swali zuri. Tunalipeleka kwao kama lilivyo, na kwa serikali ya kaunti inayotoza ada katika soko hili kila siku: meza moja Muthurwa, mara moja kwa mwezi, na mtu anayejua kujaza fomu na kuchora saketi. Vyuo vya kiufundi vya jiji hili vina wanafunzi wa umeme wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi kila muhula. Wangeanzia hapa, wamlipe fundi ada ya mwalimu.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye mathree, usingoje meza hiyo. Mtaani kwenu kuna fundi. Mpelekee kazi kwanza, ulipe bila kubishana sana. Rudi mara ya pili. Ukishazoeana naye, muulize kama unaweza kukaa naye Jumamosi moja na daftari, si simu. Chora anachokueleza, mwonyeshe, akusahihishe. Daftari libaki kwake. Kama hataki kitu fulani kiandikwe, kiache. Kama unajua kuhariri video na yeye anataka, muulize jina lake liandikwe vipi na pesa zikipatikana zigawanywe vipi, kabla hujabonyeza kurekodi.

Sisi tulirudi kwa fundi wetu wiki iliyopita. Alikuwa ametazama nusu ya filamu kwenye simu ya mwanawe, umeme ukapotea. Hakuvutiwa na majasusi. Alitaka kujua kama Mrusi yule alitumia taa au transista, na tulipomwambia ni taa, akatikisa kichwa, akavuta gamba la kreti ya soda, akachukua kalamu na kuanza kuchora saketi mbili anavyodhani zilikuwa. Kisha akachora kitu cha tatu kando yake, sehemu ndogo yenye kapasita mbili, akaitazama, akaipindua karatasi upande wa pili.

"Hiyo bado," akasema. "Njoo Jumamosi."